Skini chakavu za silaha: ya namba, ya msanii au inayozeeka mkononi?

Wapo wachezaji wa gemu wanaotaka bunduki ing'ae kama kioo. Wapo pia wanaotaka bunduki iliyokwisha kuona mengi: rangi imebanduka kwenye kingo, mshikio umesuguliwa na viganja hadi ukawa laini, mtutu una weusi wa moshi. Mimi ni wa hao wa pili tangu Agosti 2013, skini, yaani sura za kubadilisha mwonekano wa silaha, zilipoingia kwenye gemu ya risasi ya Counter-Strike: Global Offensive, na swali ninaloulizwa mara nyingi na rafiki zangu ni hili: nikitaka skini chakavu, nichukue ipi?

Jibu linaanzia kwenye chanzo cha uchakavu wenyewe. Katika gemu, silaha huonekana imechakaa kwa njia tatu. Ya kwanza ni namba: skini hupangiwa kiwango cha uchakavu siku inapozaliwa. Ya pili ni mkono wa msanii: kutu na mikwaruzo imechorwa humo humo, na kila mwenye skini hiyo anaona kitu kile kile. Ya tatu ni matumizi: silaha huzeeka kadiri unavyoitumia. Wengi ninaowaona wakijuta walinunua moja wakidhani ni nyingine, hasa wale wanaoamini kwamba skini ya Counter-Strike 2, gemu iliyorithi Global Offensive, itaendelea kuchakaa mikononi mwao. Haiendelei. Ukiipokea na mkwaruzo mmoja, utabaki na huo huo mmoja hata ukiicheza miaka kumi.

Uchakavu wa namba

Katika Counter-Strike 2 kila skini ina namba iliyo kati ya 0 na 1, ambayo wachezaji huiita floti. Ikiwa chini ya 0.07, skini inaitwa Factory New. Kutoka 0.07 hadi 0.15 ni Minimal Wear, 0.15 hadi 0.38 ni Field-Tested, 0.38 hadi 0.45 ni Well-Worn, na kuanzia 0.45 kwenda juu ni Battle-Scarred.

Tazama upana wa vipande hivyo, maana ndipo pesa zinapopotelea. Well-Worn ni kijipande cha 0.07 tu. Field-Tested ina upana wa 0.23, zaidi ya mara tatu. Battle-Scarred inameza 0.55, zaidi ya nusu ya mstari mzima. Kwa hiyo skini mbili zenye jina la Field-Tested, moja ya 0.16 na nyingine ya 0.37, zinaweza kuonekana kama hazikutoka familia moja, wakati Well-Worn ya 0.44 na Battle-Scarred ya 0.46 ni mapacha. Nililipa gharama ya somo hili mwenyewe: niliongeza pesa ili nipate Well-Worn, nikijivunia kwamba nimeikwepa Battle-Scarred, kisha nikaziweka mbili sambamba kwenye skrini na nikashindwa kuonyesha tofauti. Tangu siku hiyo sisomi jina la daraja kabla ya kusoma namba. Ukiikagua skini ndani ya gemu, namba hiyo utaiona pale pale.

Tena si kila skini inaruhusiwa kufika kila mahali. AK-47 Redline (jina la bunduki, kisha la skini) inaanzia 0.10 na kuishia 0.70, kwa hiyo hakuna Redline ya Factory New duniani. Asiimov ya AWP, bunduki yenye darubini, inaanzia 0.18 hadi 1.00, kwa hiyo iliyo safi kuliko zote bado ni Field-Tested. Glavu zinaanzia 0.06. Visu vyenye skini ya Fade huishia 0.08, kwa hiyo anayetamani kisu cha Fade kilichochakaa kabisa anatamani kitu kisichokuwepo.

Hizo mbili, Redline na Asiimov, zilitoka mwaka 2014 kwenye kasha moja (sanduku la ndani ya gemu unalolipia kulifungua ukapata skini kwa bahati), na ni mfano mzuri wa jinsi uchakavu ule ule unavyoweza kuipamba skini moja na kuiharibu nyingine. Redline ni nyeusi yenye mistari myekundu. Juu ya weusi, mikwaruzo ya wastani hujificha. Inaonekana kama bunduki ya mtu anayeitumia kila siku na kuipangusa jioni. Redline ya 0.25 naipenda kuliko ya 0.12, na nasema hivyo kwa dhati hata kama bei ya soko inasema kinyume. Asiimov ni nyeupe. Juu ya weupe kila chubuko linapiga kelele. Kuanzia 0.18 hadi kama 0.25 bado ina umaridadi wake. Ikivuka hapo inaanza kufanana na ukuta ulioanza kubanduka rangi, wala haujafika mwisho ukaonekana wa kale. Kisha ajabu hutokea: floti ikikaribia 1.00, weupe wa kwenye darubini hutoweka na darubini yote huwa nyeusi. Wachezaji wameipa jina lake, Blackiimov, na wako wanaoitafuta kwa makusudi. Kwa hiyo ukiitaka Asiimov, chukua iliyo karibu na mwanzo au iliyo karibu na mwisho. Ya katikati iache.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulipita: namna skini ilivyopakwa ndiyo inayoamua itazeeka vipi. Zilizopuliziwa rangi, kama Safari Mesh, hubanduka kwenye sehemu zilizochomoza, jinsi rangi ya kopo inavyobanduka kwenye kitu kinachobebwa kila siku. Hapo uchakavu una mantiki, na Safari Mesh ya Battle-Scarred ni miongoni mwa skini za bei ya chini kabisa zinazovutia kuliko thamani yake. Zile za aina ya patina hazibanduki hivyo. Chuma chake huzidi kuwa cheusi na kizito, kama chuma kilichoshikwa na mikono yenye jasho kwa miaka. Case Hardened ni ya aina hii, yenye mabaka ya buluu, zambarau na dhahabu yanayotofautiana kutoka bunduki moja hadi nyingine kwa sababu kila moja hupewa pia namba ya mpangilio wa mabaka. Wakusanyaji hulipa pesa nyingi kwa mpangilio wenye buluu nyingi. Asiyejali buluu ana nafasi yake hapa: Case Hardened ya floti kubwa, yenye mabaka ya kahawia na dhahabu, haigombaniwi, na kwa jicho langu ndiyo inayofanana zaidi na chuma halisi.

Linganisha hiyo na Rust Coat ya visu, iliyotoka Januari 2015. Floti yake huanzia 0.40, kwa hiyo hupatikana kwa Well-Worn na Battle-Scarred tu. Aliyeibuni aliikusudia iwe na kutu tangu mwanzo. Hapa jina la Battle-Scarred halikuondolei kitu, kwa kuwa hakuna usafi uliopotea. Anayetaka kisu na hana mfuko mrefu, na anapenda kutu, mimi ningemwelekeza huku kabla ya kumwelekeza kwenye kisu cha rangi angavu kilichokwaruzika vibaya. Kisu cha rangi angavu chenye floti ya 0.70 kinakukumbusha kila siku kile ambacho hukuweza kununua. Rust Coat haikukumbushi chochote.

Team Fortress 2 nayo ilichukua madaraja hayo hayo matano mwaka 2015 kwenye sasisho la Gun Mettle. Tofauti yake ni kwamba uchakavu unakwenda kwa ngazi: tano tu, bila mteremko mrefu wa namba ndani ya kila ngazi. Kwa anayeanza hii ni nafuu kubwa, kwa sababu Field-Tested ni Field-Tested, huna haja ya kutafuta desimali. Tena mwaka 2017 zilikuja War Paint, ambapo unapata rangi kwanza kisha unachagua mwenyewe uipake silaha gani. Kama kinachokuvutia ni sura chakavu na si biashara ya wakusanyaji, Team Fortress 2 ni rafiki kuliko Counter-Strike.

Uchakavu wa msanii

Kwenye kundi la pili hakuna bahati nasibu ya namba. Katika Valorant, iliyotoka mwaka 2020, skini uliyonunua ni sawa na ya mwingine yeyote, imefungwa kwenye akaunti yako na huwezi kuiuza wala kumpa mtu. Uhakika huo una thamani yake. Lakini katalogi ya Valorant inaelemea mwanga, sauti na madoido kuliko kutu, na anayetafuta bunduki ya mzee wa kazi atazunguka sana. Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 ilikuwa na njia ninayoipenda zaidi: rangi za kamafleji zilifunguliwa kwa kutimiza kazi ndani ya gemu, na miongoni mwake kulikuwa na zile za kupuliziwa kwa kopo, zinazoonekana kama askari mwenyewe aliipaka bunduki yake haraka haraka. Wengi walikimbilia kamafleji za kung'aa za Gold, Platinum na Damascus. Mimi nilibaki na za kopo.

Katika Rust, gemu ya kampuni ya Facepunch, skini nyingi hutengenezwa na wachezaji wenyewe, na duka hubadilika kila wiki. Dunia ya gemu hiyo ni ya vyuma vya kuokoteza, kwa hiyo kutu inakaa mahali pake. Angalizo moja: silaha za Rust zina uzima wake unaopungua kwa matumizi, na skini haikuonyeshi hali hiyo. Bunduki inayoonekana imeoza inaweza kuwa mpya kabisa, na inayong'aa inaweza kuwa karibu kuharibika.

Kwa kuwa katika kundi hili unanunua kazi ya mkono wa mtu, swali muhimu ni kama mkono huo ulifanya kazi kwa uangalifu. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi hawana kipimo.

Sura ya silaha kwenye gemu za sasa haijengwi kwa rangi peke yake. Kuna tabaka la rangi, kuna tabaka linaloeleza uso ni laini au umeparara, na kuna tabaka linaloeleza wapi ni chuma na wapi si chuma. Mwanga unaposogea, tabaka hizo ndizo zinazoamua utaona nini. Skini ya kivivu huchora mkwaruzo kwenye tabaka la rangi tu. Ukiitazama kwenye picha iliyotulia inapendeza. Ukiizungusha, mkwaruzo unang'aa sawasawa na rangi iliyo kando yake, na papo hapo jicho linagundua kwamba ni mchoro. Skini nzuri hufanya rangi iliyobaki iwe na ubutu, chuma kilichofunuliwa kiwe na mng'ao, na kutu isiwe na mng'ao kabisa.

Kipimo cha pili ni mahali. Bunduki haichakai kila sehemu kwa pamoja. Huchakaa panaposhikwa, panaposuguana na kamba, mdomoni mwa mtutu, na kwenye magazini inayoingizwa na kutolewa. Uchafu nao hujificha kwenye mashimo, mifereji na kando ya skrubu, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Programu za kuchorea kama Substance Painter zinaweza kukisia kingo na mashimo zenyewe na kuweka mikwaruzo kwa kubofya mara moja. Ndiyo maana kuna skini nyingi ambazo kila ukingo umekwaruzwa kwa unene ule ule, kuanzia kitako hadi mtutu. Msanii mwenye subira huanzia hapo kisha anafuta: anaacha ukingo huu mzima, anakazia ule unaogusana na kidole gumba. Ukiona skini yenye sehemu iliyosalimika bila sababu dhahiri na sehemu iliyolika kwa sababu unayoweza kuieleza, umeipata.

Cha tatu ni marudio. Doa lile lile likijitokeza mara mbili kwenye bunduki moja, achana nayo, kwa sababu ukishaliona hutaacha kuliona.

Uchakavu wa matumizi

Kundi la tatu halinunuliwi, ila nalitaja kwa sababu ndilo wengi wanalolitafuta bila kulijua. Katika Red Dead Redemption 2, ya 2018, bunduki hupata uchafu na kupoteza ubora kadiri unavyoitumia, na inabidi uisafishe kwa mafuta ya bunduki. Far Cry 2, ya 2008, ilikwenda mbali zaidi: silaha unazookota kwa maadui zina kutu, hukwama katikati ya mapambano na mwishowe huharibika mkononi. Humo kutu ni onyo. Hakuna skini ya kununua iliyowahi kunipa hisia ile ya kuitazama bunduki na kujua, kwa rangi yake tu, kwamba leo inaweza kuniangusha. Hata The Legend of Zelda: Breath of the Wild, ya 2017, ina panga zenye kutu ambazo kiumbe Rock Octorok akizivuta kinywani huzitema zikiwa zimesafishwa.

Ukigundua kwamba unachokitaka ni hadithi ya namna hii, hifadhi pesa zako. Skini ya Battle-Scarred haitakupa.

Kuna njia ndogo tu ya kuileta hisia hiyo kwenye Counter-Strike, nayo ni stika. Stika unaweza kuikwaruza mwenyewe kidogo kidogo, na tangu Februari 2024 unaweza kuzibandika hadi tano kwenye silaha moja, mahali unapotaka na kwa pembe unayotaka. Stika iliyokwaruzwa hairudi kuwa nzima, na ukiendelea inatoka kabisa. Stika ya bei ndogo, ikikwaruzwa hadi nusu juu ya bunduki ya Field-Tested yenye rangi iliyotulia, inaipa uzee ambao ni wako mwenyewe. Mimi huziweka karibu na mahali rangi imeshabanduka, ili zionekane zimelika pamoja. Usijaribu kwanza kwenye stika ghali.

Kuipata bila kuumia

Kwenye gemu za namba kuna njia mbili kubwa: kufungua makasha au kununua moja kwa moja ile unayoitaka. Kwa mtu anayetaka skini chakavu sioni sababu yoyote ya kufungua kasha. Viwango vya bahati vilivyotangazwa China mwaka 2017 vilionyesha kwamba karibu 80% ya makasha hutoa daraja la chini kabisa la uadimu kati ya skini zilizomo, na kisu au glavu hutoka kwa 0.26% tu. Hata ukibahatika, hujui floti itakuwa ngapi. Ubelgiji ilitangaza mwaka 2018 kwamba makasha ya kulipia ya namna hii yanavunja sheria yake ya kamari. Kama anayecheza kwenye kompyuta yako ni mtoto, lichukulie hilo kwa uzito.

Ukinunua moja kwa moja, uchakavu unakusaidia: kwa skini nyingi, floti ikipanda bei inashuka, na wewe ndiye unayeipenda iliyopanda. Kinachokwenda kinyume ni ncha za mstari. Iliyo safi kupindukia huongezewa bei, na iliyochakaa kupindukia, ile ya 0.99, nayo huwa na wakusanyaji wake. Kaa katikati ya Battle-Scarred au mwishoni mwa Field-Tested, na hutalipia umaarufu.

Usiinunue kama akiba. Oktoba 2025 sheria ya kubadilisha skini ilipanuliwa, skini tano za daraja jekundu (daraja la juu la uadimu, chini ya visu na glavu tu) zikaruhusiwa kubadilishwa kuwa kisu au glavu, na bei za visu vingi zikaporomoka ghafla. Aliyenunua kisu kwa sababu anakipenda bado anacho.

Nikiulizwa nichague kwa niaba ya mwingine, ningesema hivi. Anayecheza kila siku na anataka bunduki moja ya kudumu achukue Redline kati ya 0.20 na 0.30. Anayependa chuma cha kale achukue Case Hardened ya floti kubwa, asihangaike na buluu. Anayependa kutu kweli kweli na yuko tayari kwa kisu, Rust Coat. Asiyetaka hesabu za desimali aende Team Fortress 2, na asiyetaka kulipia skini afungue zile za kopo kwenye Call of Duty: Modern Warfare ya 2019 kwa jasho lake.

Kabla ya kulipa, kuna jaribio moja la bure ambalo picha za sokoni haziwezi kulifikia. Katika Counter-Strike ukimdondoshea mwenzako bunduki, anaishika ikiwa na skini yako. Basi mtafute mtu mwenye skini unayoitamani, yenye floti inayokaribiana, umwombe akudondoshee mwanzoni mwa raundi. Tembea nayo kutoka juani hadi ndani ya jengo, badilisha magazini mara mbili tatu, tazama ule upande unaoelekea jicho lako. Mara nyingi chubuko lililokutia hofu liko upande wa pili, usioonekana kabisa unapocheza.